Jibu la Msomaji: Kemia Niliyolazimishwa Kuisoma

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama kijana mwenye kipaji cha sanaa na usanifu ana sababu ya kwenda ng'ambo kusoma katika chuo kikuu kitakachomlazimisha kuchukua pia masomo yasiyohusiana na fani yake. Ninajibu kwa sababu mimi ni mmoja wa waliokwenda. Nilikaa miaka minne katika chuo kidogo cha Marekani, nikarudi Bagamoyo, na sasa ninaishi kwa kusanifu nakshi za milango, vibao vya maduka na michoro ya ukarabati wa nyumba za zamani. Jibu langu ni kwamba aende, ila asiende kwa matumaini ya kufundishwa mkono. Mkono auandae kabla hajapanda ndege, kwa maana kule atakuta saa za karakana ni chache kuliko anavyodhani.

Vyuo vya namna hiyo havina jina lililokubalika kwa Kiswahili. Nilipokuwa nikisema ninasoma elimu huria, watu wa hapa walidhani nimejiunga na Chuo Kikuu Huria, kwa hiyo nimezoea kuviita vyuo vya masomo mseto. Mwanafunzi huingia bila kufungwa na fani, na kwa kawaida huchagua somo lake kuu kabla mwaka wa pili haujamalizika. Katika miaka yote minne, masomo ya sanaa hayazidi sana theluthi moja ya anayosoma, na yanayobaki ni historia, lugha, hisabati, sayansi na mengine atakayovutiwa nayo au kulazimishwa kuyachukua. Anayetaka karibu theluthi mbili za muda wake ziende kwenye sanaa atafute shahada inayoitwa BFA (Bachelor of Fine Arts), ambayo hutolewa zaidi na vyuo maalumu vya sanaa kama Rhode Island School of Design, kilichoanzishwa mwaka 1877. Chuo hicho kina mpango wa pamoja na jirani yake, Chuo Kikuu cha Brown, wa kupata shahada mbili kwa miaka mitano, ingawa wanaochaguliwa ni wachache mno. Kwa mtu aliyelelewa katika tahasusi zetu za kidato cha tano, ambapo mwanafunzi wa HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza, akishaagana na kemia hawaonani tena, mpangilio huo huonekana kama upotezaji wa muda na wa pesa za watu. Hata mimi niliuona hivyo.

Mkono wangu niliupata kwa mjomba, fundi wa milango na makasha, ambaye alinipa patasi nikiwa na miaka kumi na miwili na kuniweka kwenye vipande vya mninga vilivyokatika, nikichonga samaki mmoja huyohuyo hadi mjomba aache kucheka. Wengine wanaupata TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na sioni sababu ya mtu wa Bagamoyo kuipita taasisi hiyo akakimbilia mbali kwenda kujifunza kushika penseli.

Nilichokipata kule kilianza kwa aibu. Katika darasa la uchoraji, kila wiki kazi zilibandikwa ukutani, tukakaa mbele yake, na mwenye kazi alitakiwa anyamaze kwanza wenzake waseme wanachokiona. Mimi nilibandika mchoro wa mkaa wa mlango mmoja wa Mtaa wa India: mnyororo ukizunguka fremu yote, samaki kwenye vitako vya miimo, yungiyungi katikati ya mfaa, ule mti wa kati wa mlango. Wakausifu sana ustadi, nami nikavimba kichwa. Kisha msichana mmoja, ambaye somo lake kuu lilikuwa biolojia, akauliza kwa nini samaki wamewekwa chini na si juu. Nikajibu kwamba ndivyo tunavyofanya kwetu. Mwalimu hakunikemea wala hakunisaidia. Alisubiri kidogo, akaona sina la kuongeza, akahamia kwenye kazi iliyofuata. Usiku ule sikulala vizuri, maana nilikuwa nimemchonga samaki yule mamia ya mara na sikuwahi hata siku moja kujiuliza anafanya nini pale.

Mwaka uliofuata nilichukua somo la historia ya biashara ya Bahari ya Hindi kwa ajili ya samaki huyo tu. Humo ndimo nilimojifunza jinsi wafanyabiashara na mafundi wa kutoka Gujarat walivyochangia milango ya pwani yetu, na jinsi kizingiti cha juu kilichonyooka na kile cha upinde vinavyohusishwa na ladha za watu tofauti na nyakati tofauti. Nilijifunza pia kuhofia maelezo yaliyonyooka kupita kiasi. Mnyororo, ambao baadhi ya waongoza watalii wa hapa mjini huwaambia wageni bila kupepesa macho kwamba ni alama ya utumwa, wengine huusoma kuwa ni ulinzi wa nyumba, na samaki husemwa ni uzazi na neema. Mteja akiniletea leo picha ya simba aliyoitoa kwenye intaneti na kutaka aipandishe juu ya mlango wa hoteli, ninajua kipi ninaweza kukisogeza na kipi nikikigusa mlango hautakuwa tena wa huku, na ninaweza kumweleza kwa nini. Wakati mwingine hunisikiliza.

Kuhusu kemia, chuo kilidai kila mwanafunzi achukue angalau somo moja la sayansi lenye maabara. Nilitaka biolojia, ikawa imejaa. Kwa wiki tano nilikaa nyuma nikichora mikono ya wenzangu pembeni mwa daftari, mpaka siku mhadhiri alipoweka mezani kipande cha jiwe la chokaa na kueleza kwamba likichomwa sana hutoa hewa ya kaboni na kubaki chokaa kali, chokaa hiyo ikizimwa kwa maji hulainika, na ikipakwa ukutani huivuta tena hewa ileile polepole mpaka irudi kuwa jiwe. Nikaacha kuchora. Yale yalikuwa matanuri ya matumbawe niliyosimuliwa na wazee tangu utotoni, na kuta za nusu ya mji wetu mkongwe.

Niliporudi, jirani wa mjomba kule Dunda alikuwa amepiga lipu ya saruji kwenye ukuta wake wa matumbawe kwa mara ya pili, na kwa mara ya pili ilikuwa ikianguka. Nilichukua ganda moja nikaligeuza: upande wa nyuma ulikuwa na unga mweupe wa chumvi, pamoja na ngozi nyembamba ya jiwe lenyewe lililong'oka nalo. Unyevu hupanda kutoka ardhini ukiwa umebeba chumvi. Lipu ya chokaa huuachia utoke, lakini saruji huuziba, na chumvi ikikauka huganda na kusukuma kwa ndani mpaka lipu ibanduke. Nilipomweleza mjomba, alinitazama akasema, "Kwa hiyo, mjomba, Marekani umekwenda kusomea chokaa?" Hata hivyo kesho yake alikwenda mwenyewe kumleta mzee aliyekuwa bado anajua kuichanganya, na ukuta ule ndio uliokuwa kazi yangu ya kwanza ya kulipwa.

Nisiwafiche machungu. Baadhi ya walimu wangu waliona Afrika katika kila nilichokigusa. Nilisanifu jalada la ratiba ya mabasi, mistari na namba tupu, nikaambiwa lina mdundo wa ngoma. Ukizoea kusifiwa hivyo utaanza kuwachorea ngoma wanayoitaka, na niliwaona waliofika huko. Ndiyo sababu nyingine ya kwenda ukiwa tayari una kitu chako mkononi.

Gharama ndiyo huwafunga wengi. Ada, chakula na malazi katika vyuo binafsi vingi vya aina hii hupita dola 80,000 kwa mwaka, kiasi ambacho hakuna haja ya kukibadili kwa shilingi kwa kuwa kitakutia homa bure. Wanaotoka familia kama zetu huenda kwa msaada wa chuo chenyewe, unaopimwa kwa kipato cha wazazi, na vipo vichache, Amherst na Bowdoin vikiwamo, ambavyo haviangalii uwezo wa kulipa vinapoamua kumpokea mwombaji wa kigeni. Vingi huangalia, na ukiomba msaada nafasi hupungua. Kazi unayoruhusiwa muhula ukiendelea ni ya ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki. Itakupa sabuni na vocha, haitakulipia ada.

Siku hizi huja kwangu jioni binti mmoja wa kidato cha sita, mwanafunzi wa mjomba, tukimwandalia picha za kazi zake za kutuma. Ana kasha zuri la mkongo, michoro ya boti za ufukweni na kanga mbili alizozisanifu. Alikuwa ameificha picha ya kizingiti kilichompasukia katikati kwa sababu alichonga mti ambao haujakauka, na chini yake ameandika kwa penseli alivyopima upana wa ufa asubuhi na jioni kwa siku tisa. Nimemwambia hiyo aiweke ya kwanza.