Bei ya Rafuni Marekani Haijatimia

Mpwa wangu anaondoka Mombasa mwishoni mwa Julai kwenda Houston, jimbo la Texas, kusoma. Jumapili alinijia na karatasi: blanketi, sufuria, taa ya kusomea, viatu, mchele, kila kitu na bei aliyoiona kwenye intaneti, jumla chini. "Mjomba, hizi zitanitosha?" Nikamwambia hesabu yake haijaisha. Kodi ya mauzo haimo.

Mji huo niliishi miaka minne. Wiki ya kwanza, mwezi wa Januari wenye baridi, niliingia dukani na noti moja ya dola 20, nikachukua blanketi la dola 19.99. Keshia akasema 21.64. Nikamwonyesha bei iliyobandikwa, nikidhani amekosea. Akanieleza kwa upole kwamba kodi huongezwa pale pale kaunta. Sikuwa na senti nyingine, nikalirudisha. Usiku ule nililala na koti, na sitaki mtoto wa dada yangu alale hivyo.

Sisi tumezoea vingine. VAT ya Kenya ni asilimia 16, inaizidi ya kule kwa mbali, lakini imo ndani ya bei: supamaketi ya Nyali ikiandika shilingi 500, unatoa 500. Na muuza leso wa Biashara Street akikutajia bei, unajua mtateremka. Kule bei ya kwanza hupanda tu.

Serikali kuu ya Marekani haina VAT. Kila jimbo hujipangia kodi yake ya mauzo, na miji ikaongeza yake juu. Texas hutoza asilimia 6.25, Houston, pamoja na za mitaa, hufika 8.25. Oregon haitozi hata senti. Kwa hiyo usichukue hesabu ya rafiki aliye jimbo jingine.

Ninachomshauri ni kuongeza sehemu moja ya kumi kichwani kabla ya kufika kaunta. Kitu cha dola 24, weka 26.40. Utalipa 25.98 na chenji utarudishiwa.

Lakini chakula cha kwenda kupika mwenyewe usikiongezee. Mchele, unga, nyama, maziwa na matunda Texas havitozwi. Soda na peremende hutozwa, na chakula cha moto pia. Ndiyo maana namhimiza akae jikoni na mamake ajue kupika wali wa nazi kabla ya safari. Mkahawani sahani ya dola 15 ina kodi 1.24, kisha bakshishi ya mhudumu, tuseme dola 3: jumla 19.24. Bakshishi hiyo asiikate ili kufidia kodi. Sheria inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 tu kwa saa, zilizobaki zitoke kwa wateja.

Viatu nimemwambia asubiri. Kila Agosti Texas husamehe kodi ya nguo na viatu vya chini ya dola 100 kwa siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili. Akifika tu aulize tarehe.

Jana jioni amerudi na karatasi mpya. Blanketi, sufuria na taa amevipandisha. Kwenye viatu ameandika "Agosti". Mchele ameuacha na bei yake ile ile.