Ruta au fayawoli ya kompyuta: nyumba ya Kigoma inayogawana waifai ianze na ipi?

Madukani Mwanga watu huuliza: ninunue ruta ya maana, au niweke fayawoli (kinga inayochuja mawasiliano yanayoingia na kutoka) kwenye kompyuta basi? Kabla ya kutoa hela, angalia kwanza hatari inaingilia wapi. Kwa nyumba nyingi za hapa, haiingilii pale watu wanapodhani.

Anayetumia ruta ya laini ya simu kwa kawaida hana anwani ya intaneti ya peke yake. Kampuni ya simu inaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo mtu wa nje akigonga hapati njia ya kumfikisha kwako. Hakikisha mwenyewe. Fungua ukurasa wa ruta (anwani yake iko kwenye kibandiko cha chini, mara nyingi 192.168.0.1, 192.168.1.1 au 192.168.8.1) utafute palipoandikwa WAN IP, yaani anwani ya ruta kwa upande wa nje. Namba ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya kampuni. Kisha fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya nje. Namba hizo mbili zikilingana, kama inavyotokea kwa baadhi ya wenye faiba, ruta yako imesimama barabarani na inatazamwa na dunia nzima. Ukiona pia anwani ndefu zenye nukta pacha, hizo ni za IPv6, mfumo mpya zaidi wa anwani: ukaguzi huo wa juu hauzihusu, na kila kifaa kinaweza kufikiwa chenyewe. Hakikisha fayawoli ya IPv6 kwenye ruta imewashwa.

Sasa tuingie ndani. Chukua nyumba ya vyumba sita kule Gungu. Mwenye nyumba kaweka waifai moja, wapangaji wanachangia kila mwezi. Mna simu kumi na tano, laptopu tatu, televisheni na kamera mbili za getini, vyote kwenye mtandao mmoja. Fayawoli ya ruta inasimama kati ya nyumba na nje. Data ikitoka laptopu ya chumba cha pili kwenda ya chumba cha tano, inapita ndani kwa ndani bila kukutana na sheria hata moja ya fayawoli hiyo. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilienea namna hiyo: kompyuta moja ikishaugua, inawatafuta jirani zake kupitia mlango namba 445 wa kushea mafaili (mlango hapa ni namba ambayo kila huduma ya kompyuta hupokelea mawasiliano). Sasisho la kuziba tundu hilo lilikuwa limetoka tangu Machi, ila wengi hawakuliweka. Flashi iliyotoka kuprinti steshenari inatosha kuanzisha balaa la aina hiyo.

Kwa hiyo anza na kompyuta, na haikugharimu hata shilingi. Windows ina fayawoli yake, na tangu Agosti 2004 huja ikiwa imewashwa. Shida ni kwamba kompyuta nyingi zimepitia mikononi mwa fundi aliyeweka Windows isiyo na leseni. Programu za kuiamilisha kwa wizi mara nyingi hutaka ulinzi uzimwe kwanza, kisha hakuna anayekumbuka kuuwasha. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika:

netsh advfirewall show allprofiles state

Sehemu zote tatu zinatakiwa kusoma ON. Ukikuta OFF, andika amri hii ukiwa umefungua Command Prompt kama msimamizi: netsh advfirewall set allprofiles state on. Kisha nenda kwenye mipangilio ya waifai uliyounganishwa, chagua Public badala ya Private. Watu huchagua Private wakisema "si nyumbani kwangu?" Nyumba ni yako, lakini mtandao ni wa watu kumi. Public inaificha kompyuta yako kwa wengine na kukataa wanaoigonga. Kitakachogoma ni kushea mafaili kati ya kompyuta mbili. Hiyo fanya kwa waya au kwenye mtandao ambao ni wako peke yako. Kwa wanaotumia Ubuntu badala ya Windows, amri ya sudo ufw enable inatosha kwa kuanzia.

Ubora mwingine wa fayawoli ya kompyuta: inajua ni programu ipi inayotaka kutoka. Ruta inaona anwani na namba za milango tu. Haijui kama anayetuma ni brauza yako au mdudu aliyejificha. Udhaifu wake ni kwamba mdudu akishapata mamlaka ya msimamizi anaizima. Pia huwezi kuiweka kwenye kamera wala televisheni. Vifaa hivyo havina mlinzi isipokuwa ruta. Mwaka 2016 programu ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi mno kwa kujaribu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani, za aina ya admin na admin.

Kwa hiyo rudi kwenye ruta uliyo nayo, kabla ya kufikiria mpya.

Badilisha nywila ya kuingilia ruta yenyewe. Usiichanganye na ya waifai, ni vitu viwili. Ikibaki ya kiwandani, mpangaji yeyote anaingia na kubadilisha DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba), halafu ukiandika anwani ya benki unapelekwa kwenye tovuti bandia. Zima WPS, njia ya kujiunga na waifai kwa kitufe au PIN: PIN hiyo ina tarakimu nane, lakini hukaguliwa vipande viwili na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu, hivyo majaribio yasiyozidi 11,000 yanaifungua. Zima UPnP, maana inaruhusu kifaa chochote cha ndani kufungua mlango wa nje bila kukuuliza. Zima pia usimamizi wa mbali. Kwenye aina ya ulinzi wa waifai, chagua WPA2 yenye AES, au WPA3 ikiwepo.

Nywila ya waifai isiwe namba ya simu, na hili ndilo kosa tunalolikuta kuliko yote. Namba inayoanza na 06 au 07 ikifuatiwa na tarakimu nane ina michanganyiko milioni 200. Aliyenasa mawasiliano ya simu yako ikijiunga na waifai anakwenda kujaribu nywila nyumbani kwake, na kadi nzuri ya michoro (graphics card) ya kompyuta hujaribu zaidi ya laki nne kwa sekunde. Dakika kumi hazifiki. Maneno manne yasiyohusiana, kama migebuka-jembe-pazia-saba, yanamshinda na bado unayakumbuka.

Halafu wapangaji waweke kwenye mtandao wa wageni, yaani waifai ya pili inayotoka kwenye ruta ileile. Tafuta Guest Network, na ndani yake uweke tiki kwenye AP Isolation. Bila tiki hiyo, ruta nyingi za bei ndogo huwazuia wageni wasifike kwako tu, lakini wao kwa wao wanaonana. Kujaribu ni rahisi: kutoka laptopu moja ya wageni, andika ping na anwani ya IP ya simu iliyo kwenye mtandao huo wa wageni (si ya laptopu iliyowekwa Public, maana hiyo kwa kawaida haijibu hata njia ikiwa wazi). Ikijibu, hujamaliza.

Ruta mpya inafaa pale ya zamani isipokuwa na mtandao wa wageni, ikiwa haipati tena masasisho, au kama uko na faiba na kamera nyingi. Mafundi wengi wataleta ruta ya chapa ya MikroTik, na ni kifaa kizuri. Angalizo letu ni moja: fundi anayeanza kwa kufuta mipangilio ya kiwandani amefuta na fayawoli. Mwombe akuonyeshe sheria za input (za mawasiliano yanayoijia ruta yenyewe), zikiwa kwa mpangilio huu: ruhusu mawasiliano yaliyokwishaanza, tupa yaliyo batili, tupa yote yasiyotoka LAN, yaani mtandao wa ndani ya nyumba. Hiyo ya tatu ikitangulia, hata majibu ya DNS yanayorudi kwa ruta yanatupwa, na orodha ya LAN ikiwa haijajazwa sawasawa mnajifungia nje wenyewe, ndiyo maana Safe Mode, inayorudisha mabadiliko nyuma mkikatika, iwashwe kabla ya kugusa. Akiwa ameruhusu maombi ya DNS bila sheria hiyo ya tatu, ruta yenye anwani ya nje itatumiwa na wageni kushambulia wengine, na kasi yako itakwisha bila kujua imekwenda wapi.

Mwisho ni kitufe cha Reset. Intaneti ikikatika, kuna mtu atakibonyeza kwa sekunde kumi, na yote uliyoyapanga yatarudi kiwandani. Hifadhi nakala ya mipangilio kwenye kompyuta, andika nywila kwenye daftari, na ruta uiweke juu pasipofikika. Mvua yenye radi ikikaribia, chomoa umeme pamoja na waya unaotoka kwenye antena ya juu ya bati, kwa sababu radi hupitia huko pia.