Kabla ya kupiga kelele, jua ni kipi hakijatokea

Wadogo zangu mnaoanza kushika maiki kwenye vibanda umiza kutafsiri mieleka, nianze na kosa langu. Miaka ya mwanzo nilidhani kazi hii ni koo. Mtu akirushwa nje ya kamba, "Kwishaaa!" Akila mtama, "Kwishaaa!" Baada ya robo saa hakuna aliyenisikiliza, maana kila niliyemzika alifufuka. Aliyenifumbua macho ni mtoto wa darasa la tano hivi, mteja wa benchi la mbele, siku niliyoweka pambano la Kazuchika Okada na Kenny Omega. "Anko, mbona Omega ile yake ya mabegani hajaipiga?" Nilikuwa natangaza nusu saa nzima na hilo sikuliona.

Pambano lilikuwa la tarehe 4 Januari 2017, Tokyo Dome, Japani, la kugombea mkanda wa IWGP, ubingwa mkuu wa kampuni ya mieleka ya New Japan, ambao Okada alikuwa nao. Ni la kwanza kati ya manne waliyopigana hadi Juni 2018. Kijana akija kwangu kutaka kazi, namkalisha ayatazame yote manne kwa mpangilio, tena sauti nimeifunga.

Kwanza zijue silaha zao. Ya Okada ni Rainmaker: anamshika mpinzani mkono kwa nyuma, anamzungusha, anamvuta kwa nguvu na kumkata shingoni na mkono mwingine. Ya Omega ni One-Winged Angel: anamkalisha mtu mabegani, kama baba aliyembeba mwanawe aone gwaride, kisha anamwangusha kwa kichwa. Jinsi alivyomzoesha mtazamaji, ikimpata mtu sawasawa, amekwisha.

Siku ile ya kwanza Omega alijaribu kumpandisha Okada mabegani mara kadhaa, na kila mara Okada akachomoka. Zikapita dakika 46 na ushei, Okada akashinda kwa Rainmaker. Wengine walitoka wakisema Omega kapigwa. Yule mtoto alitoka na swali: ingempata, ingekuwaje? Swali hilo ndilo tiketi ya pambano la pili, na mtangazaji asiyelisema kwa sauti anamnyima mwenye kibanda hela ya wiki ijayo.

La pili lilipigwa Osaka, Juni 2017. Safari hii silaha ilimpata Okada barabara. Okada mabega chini, refa akaanza kuhesabu, akifika tatu kwisha, na Okada akaupeleka mguu kwenye kamba. Kisheria hesabu inakatika hapo. Tazameni ujanja wa waliolitunga: wametupa tulichokisubiri miezi mitano, na bado swali halijajibiwa, kwa sababu Okada hakujinasua kwa nguvu zake. Kilichomwokoa ni kamba. Dakika 60 zikaisha, kengele ikalia, sare. Kibandani kwetu watu walidai warudishiwe hela yao. Saa nzima, mshindi hakuna! Mimi na maiki yangu nikawa nawaeleza habari ya mguu, kama wakili.

La tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote, ingawa ni fupi. Agosti 2017, mashindano ya G1, yanayochezwa kwa pointi kama ligi, ambako muda ni dakika 30 tu. Kwa pointi zilivyokaa, sare ilimtosha Okada kuingia fainali. Omega lazima ashinde. Mnaona? Sare ile iliyowaudhi watu mwezi Juni sasa imegeuka tishio, na saa yenyewe imekuwa adui wa Omega. Usipomkumbusha mtazamaji hayo tangu kengele ya kwanza, ataona watu wawili wana haraka na hajui ya nini. Omega akampandisha, akamwangusha katikati ya ulingo, mbali na kamba. Moja, mbili, tatu.

Hapo hesabu ni kila mmoja kashinda mara moja na sare moja. Ndiyo maana la nne, Osaka tena, liliwekwa bila kikomo cha muda na mshindi awe wa kwanza kupata mizunguko miwili, yaani kummaliza mwenzake mara mbili. Masharti hayo hayakuokotwa. Kutokuwa na kikomo kunajibu ile sare. Mizunguko miwili inajibu ile ya kila mmoja kushinda mara moja. Sharti jipya likitangazwa, rudi nyuma utafute linajibu nini.

Atatokea mtu aseme "hao wanapangiana". Usibishane naye. Steringi wa sinema naye kapangiwa, na huyohuyo bwana jana alikuwa anashika roho. Mwachie kiti.

Nunua daftari la kurasa 40. Kila pambano lipe ukurasa, upande mmoja andika kilichotokea, upande wa pili kilichojaribiwa kikashindikana. Mwenzako akishangaa misuli, wewe soma upande wa pili.

Usiku wa la nne Okada alitangulia kupata mzunguko, Omega akasawazisha. Zaidi ya saa moja imepita, mkanda Okada anao tangu Juni 2016, siku 720. Omega alipomwinua mabegani mara ya mwisho, niliizima maiki nikaiweka mezani. Benchi la mbele ndilo lililohesabu.