Re: Mtandao umejaa lakini intaneti hakuna, tatizo ni mnara?

Mkuu, mnara hauna kosa. Hiyo alama ya mtandao unayoiona kwenye simu hapo Sakina, Arusha, inapima mawasiliano ya simu yako na mnara tu. Toka mnarani data inapita kwenye faiba (waya wa nyuzi za kioo) mpaka pwani, kisha inaingia kwenye nyaya za chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom, nyaya mbili za hizo za baharini, zilipata hitilafu kwa pamoja huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na sisi wa Arusha tukakwama sawa na watu wa Dar, japo bahari tunaiona likizo tu.

Meli za kutengeneza nyaya hizo ni chache. Isubiriwe, ifike, inyanyue waya kutoka chini, mafundi waunge nyuzi nyembamba kama unywele. Bili ya kazi hiyo inakukuta kwenye bei ya bando.

Ila siku za kawaida mimi naogopa zaidi katapila la barabarani: likichimba mtaro bila kuuliza, linakata faiba, mtaa mzima kimya. Umeme nao ukikatika, mnara unaishi kwa betri, kisha jenereta, na dizeli si bure.

Kama ofisi yako inategemea intaneti, weka laini mbili za kampuni tofauti, lakini uliza kwanza faiba zao zinapita wapi. Kuna wanaokodi waya uleule.