Maswali ya Wasomaji: Mbona Nati Zinafunguka Safarini?

Safu hii inajibu maswali ya pikipiki. Awamu hii tumechagua yanayohusu vitu vinavyolegea njiani kwenye safari ndefu.

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina pikipiki ya cc 150, silinda moja. Naenda nayo Dar na kurudi Mbeya nikiwa na mzigo nyuma. Kila nikifika Mikumi nakuta nati za keria zimelegea na saiti mira inajizungukia yenyewe. Nimekuwa nikikaza kwa kuchomeka bomba kwenye spana nipate nguvu zaidi, na sasa bolti moja imekatika. Nifanyeje? – Msomaji, Mbeya

JIBU: Njema, ndugu. Kwanza weka hilo bomba pembeni. Bolti hufanya kazi kama springi: ukiikaza inavutika kidogo sana, na mvuto huo ndio unaobana vyuma viwili visisogee. Ukipitiliza, bolti inarefuka na hairudi tena. Hapo haibani hata kama spana inakuambia imekaza, na mwisho wake ni kukatika.

Nati haifunguki kwa mtetemo mtupu. Inafunguka pale vyuma vilivyobanwa vinapoanza kuteleza kwenda na kurudi, hata kwa sehemu ndogo tu ya milimita. Kwa hiyo keria ikilegea mara ya pili, swali si ikazwe kiasi gani, bali ni kitu gani kinateleza.

Kwenye keria kuna sababu tatu za kawaida. Ya kwanza ni rangi nene chini ya kichwa cha bolti. Rangi inasagika na kupungua, mvuto unapotea. Ikwangue hadi chuma pale washa inapokaa, kisha paka grisi kidogo pembeni kuzuia kutu. Ya pili ni mwanya: keria haikai sawa kwenye fremu, nawe unaivuta kwa bolti hadi iguse. Nguvu yote inaishia kupinda chuma badala ya kubana. Jaza mwanya kwa washa mpaka keria ikae yenyewe bila kulazimishwa, ndipo ukaze. Ya tatu ni mzigo uliokaa nyuma mno. Kilo 30 zilizofungwa nyuma ya ekseli zinanyanyua na kushusha keria kwenye kila rasta. Vilivyo vizito viwe chini na karibu na siti, vyepesi ndivyo viende nyuma.

Sasa kuhusu nguvu. Bolti ya milimita 6 (mara nyingi spana namba 10) inataka nyutoni mita 10 hivi (nyutoni mita ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Ya milimita 8 (spana 12 au 13) inataka 20 hadi 25. Ya milimita 10 (spana 14 au 17) inataka 45 hivi. Hizi ni za chuma kwa chuma, na kitabu cha pikipiki yako kikisema vingine, fuata kitabu. Kama huna spana ya kupimia, chukua hesabu hii: nyutoni mita 10 ni sawa na uzito wa nusu ndoo ya maji ya lita 20 ukining'inia kwenye spana, sentimita 10 kutoka kwenye bolti. Ni nguvu ndogo kuliko wengi wanavyodhani, na ndiyo maana bolti za milimita 6 hukatika kila siku.

Ukinunua bolti ya keria, tafuta iliyopigwa chapa 8.8 kichwani. Zile za duka la vifaa vya ujenzi zisizo na namba yoyote nyingi ni laini. Ukishafunga, tembea kilomita 50 hivi, acha ipoe, kaza tena mara moja. Ikiendelea kulegea baada ya hapo, rudi kutafuta kinachoteleza.

Kabla ya yote hayo, kagua bolti zinazoshika injini kwenye fremu. Hizo zikilegea, injini inatikisa pikipiki nzima, nawe utahangaika na indiketa na madigadi bila kugusa chanzo. Halafu kila injini ya silinda moja ina mwendo ambao inatetema zaidi. Ukiona vioo vinafifisha picha, ongeza au punguza kilomita 5 hadi 10 kwa saa, usikae hapo hadi Iringa.

Saiti mira ni jambo dogo: shika mguu wa kioo kwa spana moja, kaza nati ya chini yake kwa spana nyingine. Ila angalia, kwenye Yamaha nyingi kioo cha kulia kina uzi wa kinyume, kinafungwa kwa kuzungusha kushoto. Anayelazimisha anakula uzi wa mshikio.

SWALI: Shikamooni. Dukani kuna gundi ya nati ya bluu na nyekundu. Ipi nipake, na nipake kila mahali? – Msomaji, Singida

JIBU: Marahaba. Chukua ya bluu. Nyekundu ni ya vitu visivyotarajiwa kufunguliwa. Kuitoa kunahitaji kuchoma bolti kwa moto wa nyuzijoto zaidi ya 200, na kwenye pikipiki hiyo ni kujitafutia kazi.

Uzi lazima uwe mkavu usio na mafuta. Osha bolti na tundu kwa petroli, acha vikauke, weka tone moja au mawili sehemu ambayo nati itakaa. Gundi inashika ndani ya nusu saa hivi, lakini nguvu yake kamili inakuja baada ya saa 24, hivyo ipake siku moja kabla ya safari. Inafaa keria, vishikio vya madigadi, bolti za sproketi na pedeli za miguu. Usiipake karibu na plastiki, yaani taa, indiketa na vifuniko vya pembeni, kwa sababu inaweza kuipasua plastiki. Kwenye ekzosi pia usijisumbue, joto litaiua.

Nati yenye mpira wa nailoni ndani ni nzuri kuliko gundi pale ambapo nati unaifikia kwa nyuma. Ukiweza kuizungusha kwa vidole hadi mwisho, nailoni imekwisha, badilisha. Na washa ya springi, ile iliyokatwa upande mmoja, inasifiwa kuliko inavyostahili. Ikishalala bapa inabaki kuwa washa ya kawaida.

SWALI: Ekzosi inapiga pa-pa-pa nikiachia mafuta kwenye mteremko wa Kitonga. Nati zake nimekaza mara mbili. – Msomaji, Iringa

JIBU: Hewa inaingia pale ekzosi inapokutana na silinda. Gasketi ya pale ikishabanwa na kuungua hairudi, hata ukaze vipi. Weka mpya injini ikiwa imepoa.

Watu wengi hukosea mpangilio. Legeza kwanza bolti ya nyuma inayoshika ekzosi kwenye fremu. Weka gasketi mpya mbele, zungusha nati mbili za mbele kwa mkono, kisha zikaze kwa zamu, robo mzunguko huku, robo kule, ili flanji (bamba la mdomo wa bomba) iingie sawa. Bolti ya nyuma ikazwe mwisho. Ukianza na nyuma, bomba linabaki linavuta zile stadi mbili za mbele (bolti zisizo na kichwa zinazoshika nati), na ndizo zitakazokatika. Paka grisi ya shaba kwenye stadi. Washa injini ipate moto, zima, ipoe kabisa, kaza tena. Nati za nailoni zisitumike hapa.

SWALI: Nikishika breki ya mbele nasikia "ko" kwenye usukani. Ni nati gani? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Beringi za shingo ya usukani. Simamisha kwa stendi kubwa, nyanyua tairi la mbele, shika shokapu chini, vuta na sukuma. Zikigonga, kaza nati ya shingo kidogo, si zaidi ya moja ya nane ya mzunguko, kisha hakikisha usukani unaanguka wenyewe kushoto na kulia. Kama unanasa ukifika katikati, beringi zimechimbika na kukaza hakusaidii.

SWALI: Nikikaza cheni kabla ya safari, nini nisisahau? – Msomaji, Tabora

JIBU: Fimbo ya breki ya nyuma, ile inayozuia bamba la breki lisizunguke na tairi. Ikichomoka, bamba linageuka na tairi linaweza kufunga ghafla. Nati yake lazima iwe na pini ya kukunja, mpya kila ukifungua, siyo kipande cha waya wa uzio.

Mengine unayajua: pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zinataka cheni icheze milimita 20 hadi 30 katikati, alama za vikaza cheni zilingane pande zote mbili, kisha ekseli, kisha nati za vikaza. Klipu ya cheni upande wake uliozibwa uelekee mbele, cheni inakoenda.

Ukimaliza, chora mstari wa rangi unaotoka kwenye nati hadi kwenye chuma, kwenye ekseli, injini, keria na fimbo ya breki. Kila unaposimama kujaza mafuta utaangalia mistari tu. Uliopinda ndio unaohitaji spana. Beba spana 10, 12, 13, 14 na 17, ya ekseli, bolti nne za milimita 6 na nne za 8 pamoja na nati, pini za kukunja, waya laini, na vibano viwili vya chuma vya mpira wa maji. Kibano kimoja kinaweza kushika ekzosi iliyokatika kishikio hadi gereji ya karibu.