"Step down": kashushwa cheo, kaacha kazi, au nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ofisini kwetu imekuja imeili kwamba mkuu wa kitengo "is stepping down as head of procurement at the end of the month". Mimi nikasema jamaa kashushwa cheo, si wameandika "down"? Mwenzangu akasema hapana, kaacha kazi. Mwezi umeisha na jamaa bado yupo anapiga kazi kama kawa. Nani kapatia?

JIBU: Marahaba. Hakuna aliyepatia hapo. Kushushwa cheo ni "demote", na hiyo unafanyiwa na wakubwa. "Step down" unafanya mwenyewe, unaachia kiti, ndo maana huwezi kusema "the board stepped him down", kama kalazimishwa sema "he was forced to step down". Ila tusidanganyane, maofisini hili neno wanalipenda kwa sababu linafunika mengi, mtu kaambiwa ondoka mwenyewe au tukuondoe halafu tangazo linatoka "stepping down", kwa hiyo imeili haiwezi kukwambia kilichoongelewa huko ndani.

Kilichowachanganya nyie ni hiyo "as". Kinachokuja baada ya "as" ndo anachoachia, basi, vingine haijavigusa. Mchukulie Mwalimu Nyerere: "He stepped down as president in 1985 but stayed on as party chairman until 1990." Ikulu katoka, CCM kabaki miaka mingine mitano. Jamaa yenu naye kaachia ukuu wa manunuzi, ajira anayo, angekuwa anaondoka kabisa wangeandika "leaving the company". Ukitumia "from" basi taja nafasi, yaani "from the presidency" au "from her position", usiseme "from president".

Kwa Kiswahili linalokaa vizuri ni kung'atuka, ambalo Nyerere huyohuyo alilitoa kwao Uzanaki. Kujiuzulu kwetu kuna kaharufu ka skendo au kuwajibika, kama Mzee Mwinyi alivyoacha uwaziri wa mambo ya ndani kwa ajili ya mauaji ya Shinyanga, au Lowassa na uwaziri mkuu 2008 kwenye sakata la Richmond. Hapo andika "resigned" bila wasiwasi. Lakini Mwingereza "resign" kwake ni pana, hata kashia aliyepata kazi nzuri zaidi ana-"resign", na barua yake inaitwa "resignation letter", hakuna kitu kinaitwa "step down letter". Na huyo kashia usimwandikie "stepped down", watu watacheka, hilo ni la wenye vyeo: rais, mwenyekiti, meneja, kocha.

Halafu msilichanganye na "step aside" ambalo Wakenya wanalisikia sana kwenye siasa zao. Hilo ni kukaa pembeni kupisha uchunguzi, kiti bado chako, ukisafishwa unarudi.