Nina saratani na silali: je, vidonge vya usingizi ni upungufu wa imani?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Majibu yangu ya kipimo cha kinyama (biopsi) yametoka, nina saratani ya titi, na nimeshaanza dripu za kemo. Tangu siku ya majibu silali. Nikifumba macho nawaona wanangu wakibaki peke yao. Daktari ameniandikia vidonge vya usingizi. Shemeji yangu, ambaye ni mtu wa dini, amenikataza. Anasema ni kileo, na kwamba muumini wa kweli hakosi usingizi kwa sababu Mwenyezi Mungu amesema nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Yeye. Ameniambia niviache, nitosheke na kombe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa. Nasoma Qur'ani mpaka alfajiri na moyo bado hautulii. Imani yangu imeharibika? Nivimeze?

JIBU: Wa alaykum salaam wa rahmatullahi wa barakatuh, dada yetu. Mwenyezi Mungu akupe shifaa isiyoacha ugonjwa. Vimeze kama ulivyoandikiwa. Si haramu, na kukesha kwako si dalili ya imani kuharibika. Jibu tunalirefusha kwa sababu maneno uliyoambiwa yanawaumiza wagonjwa wengi, tena yanasemwa kwa jina la Qur'ani.

Aya aliyokutajia shemeji yako, ya Sura Ar-Ra'd (13:28), ni haki. Lakini ni wapi iliposema kwamba anayemkumbuka Mola wake haguswi na hofu? Soma Sura Al-Qasas. Mama yake Musa aliambiwa na Mola wake: usiogope, wala usihuzunike, hakika Sisi tutamrudisha kwako. Ipo ahadi kubwa kuliko hiyo? Pamoja nayo, aya ya 10 inasema kulipokucha moyo wake ulikuwa mtupu, akakaribia kuidhihirisha siri lau Mwenyezi Mungu asingeutia nguvu moyo wake. Huyu ni mama anayemhofia mwanawe, kama wewe, na Qur'ani haikumlaumu kwa neno hata moja. Aya inayofuata inamwonyesha akimtuma dada yake Musa amfuatilie mtoto. Ahadi anayo, na bado ameshika sababu, yaani njia ya kibinadamu.

Nabii Yaqub macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni, naye ndiye aliyesema: hakika mimi namshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko langu na huzuni yangu (12:84–86). Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alilia kwa kifo cha mwanawe Ibrahim, na alipoumwa alisema, "Ole, kichwa changu!" Anayedai kuwa muumini wa kweli halii wala hakeshi kwa maradhi, amewawekea waja kipimo ambacho Manabii wenyewe hawakuwekewa. Hilo ni kosa kubwa. Kumtwika mgonjwa mzigo wa dhambi juu ya mzigo wa saratani si nasaha.

Tena Sunna inatuonyesha huzuni ikitibiwa kwa kitu kinachoingia tumboni. Katika Bukhari imepokewa kwa Bi Aisha kwamba alikuwa akiamuru talbina, uji mwepesi wa shayiri, kwa mgonjwa na kwa aliyefiwa, akisema amemsikia Mtume akieleza kuwa huupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Ikiwa uji unaruhusiwa kuupumzisha moyo, na hakuna aliyesema "dhikiri peke yake inatosha, acheni uji", kidonge kimekosa nini?

Wengine hutoa hoja ya hadithi ya watu 70,000 watakaoingia Peponi bila hesabu: hawaombi kusomewa ruqya (kisomo cha kuponya), hawaamini mikosi, hawajichomi moto kwa tiba, na wanamtegemea Mola wao. Hadithi ni sahihi, ila haikusema dawa zote ziachwe. Mtume mwenyewe aliumikwa kwa chuku, alimpelekea Ubayy bin Ka'b tabibu akamkata mshipa na kumchoma, na amesema: "Jitibuni, enyi waja wa Mwenyezi Mungu." Na ajabu ni kwamba anayekutoa hospitali kwa hadithi hii anakupeleka kwenye kombe, ilhali hadithi yenyewe imetaja kusomewa!

Ama kuhusu kuwa ni kileo: pombe hunywewa kwa raha na hupoteza akili. Kidonge hiki kimeandikwa kwa haja, kwa kiasi maalumu, ili kilete usingizi. Imamu Nawawi, mwanazuoni wa madhehebu ya Shafi ambaye wengi wetu huku pwani tunamfuata katika fiqhi (sheria za dini), amesema kauli iliyo sahihi zaidi ni kujuzu kutumia kinachoondoa akili pale panapohitajika kukata mkono uliooza. Kama hilo linajuzu, usingizi wa usiku mmoja ni mwepesi zaidi.

Ruhusa hiyo ina mipaka. Meza kiasi kilichoandikwa, na usiongeze kidonge cha pili saa tisa usiku ukiona hujalala. Ukiwa unatumia mofini ya maumivu, hakikisha daktari anajua, kwa sababu mofini pamoja na vidonge vya jamii ya diazepamu huweza kuzuia pumzi. Vidonge vya jamii hiyo kwa kawaida hutolewa kwa wiki 2 hadi 4, maana mwili huvizoea. Ukiwa umevitumia kwa muda usivikatishe ghafla bila ya daktari. Wala usipokee vya jirani.

Kuna jambo huenda hukuambiwa. Wagonjwa wengi wa kemo hupewa deksamethasoni kuzuia kutapika, na dawa hii huwafanya watu wakeshe macho makavu huku moyo ukienda mbio. Angalia karatasi yako. Kama unaimeza jioni, muulize daktari kama dozi zote zinaweza kumezwa asubuhi, au ya mwisho kabla ya saa nane mchana. Usiiache kwa uamuzi wako. Huenda nusu ya kesha unalojilaumia linatoka kwenye kidonge hicho.

Kombe wanazuoni wamehitilafiana, na hata walioliruhusu hawakulifanya badala ya matibabu. Ukilinywa, maji yawe yamechemshwa, kwani kemo hushusha kinga ya mwili. Homa ikifika nyuzi 38, usingoje asubuhi, nenda hospitali usiku huohuo.

Sasa usiku wako. Unasoma hadi alfajiri, na nadhani kila baada ya aya unaukagua moyo: umetulia? Umeigeuza dhikiri kuwa mtihani, na anayejitahini halali. Fanya alivyofundisha Mtume, nako ni kufupi: tawadha, keti kitandani, soma Ikhlas, Falaq na Nas, pulizia viganja, jipanguse mwili, mara tatu; kisha lala kwa ubavu wa kulia useme "Allahumma aslamtu nafsi ilayka" mpaka mwisho wake. Kama kidonda kinauma upande huo, lala utakavyo. Halafu acha, usiuhesabu usingizi. Ukikadiria dakika 20 zimepita bila kulala, usijigeuzegeuze kitandani. Inuka ukae mkekani kwenye mwanga hafifu, bila simu wala saa, useme "La ilaha illa Llahu wahdahu la sharika lahu" au uswali rakaa mbili, urudi macho yakiwa mazito. Mwili ukizoea kukesha kitandani, kitanda chenyewe huleta kesha. Amka wakati uleule kila siku. Alfajiri ya kwetu haisogei sana mwaka mzima, nayo inakusaidia. Qailula, usingizi wa mchana, isizidi nusu saa, iwe kabla ya Alasiri, isipokuwa siku za dripu ambapo mwili unadai zaidi. Kahawa na chai ya rangi ziishie Adhuhuri.

Hofu ya watoto ipe saa yake mchana. Baada ya Alasiri andika yote: haya ya daktari, haya ya ndugu, ni nani atawapeleka shule siku za dripu, ni nani utamuusia. Usiku jambo likikujia, mwambie Mola wako kuwa limeandikwa.

Na enyi jamaa zake: Mtume alichukia mazungumzo baada ya Isha. Wageni wanaokaa hadi saa nne wakiuliza "umeambiwa hatua ya ngapi?" wasindikizeni kwa upole mapema.

Ukijikuta unatamani kufa, au unalia siku nzima kwa wiki mbili, mwambie daktari waziwazi na uulizie tiba shufaa. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road pale Dar es Salaam wanayo. Si ya wanaokata roho tu. Inatibu maumivu, hofu na kukesha tangu mwanzo wa ugonjwa.

Kidonge kimeze baada ya kuswali Isha, na umwombe mtu akuamshe Alfajiri. Ukipitiwa, swali pale unapoamka, huna dhambi, kwani Mtume amesema aliyelala akapitwa na swala aiswali anapokumbuka. Ukishindwa kusimama, swali umekaa. Ukishindwa, kwa ubavu. Siku za dripu unaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, kwa ajili ya ugonjwa. Ingawa si kauli mashuhuri ya madhehebu ya Shafi, Nawawi ameona ina nguvu. Wallahu aalam.